Mtu, Asilimia Tisini na Moja

Kitu cha kwanza kilichomshtua Nyaboke kilikuwa ubaridi. Aliigusa ile kompyuta kwa bahati tu, akiisogeza apate pa kuweka birika la chai, na kidole chake kikakutana na chuma baridi kama sakafu ya alfajiri. Aliuondoa mkono upesi. Kwa wiki mbili mumewe, Wangwe, alikuwa akilalamika kwamba ubao huo wa kompyuta unachemka kiasi cha kukaanga yai, akaufungia feni, akaufungia na feni ya pili. Sasa programu ilikuwa ikiendelea tangu asubuhi, feni zote mbili zimechomolewa, jua la saa saba linapiga bati la karakana, na ubao ulikuwa baridi.

"Wangwe, hii kitu yako imezima?"

"Imezima wapi na taa inawaka? Iko sawa. Tangu jana jioni iko sawa kabisa." Wangwe hakuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua. "Wacha kuiguza, nyar Kisii. Imenihangaisha ya kutosha."

Nyar Kisii, binti wa Kisii, ndivyo alivyomwita tangu siku za uchumba, na kwa kawaida ilimchekesha. Leo haikumchekesha. Alijua kilichotokea jana jioni, na chai ilimshinda kunywa.

Wangwe alikuwa fundi wa simu mjini Homa Bay, na chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga ndicho kilichokuwa karakana. Alikuwa amemwahidi Sainab, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyetoka Garissa miaka mingi iliyopita, kigari cha kumlindia omena zake zinapokauka kwenye nyavu uani, karibu na ziwa. Ndege walikuwa wakimmaliza. Korongo, yangeyange, kunguru, wote walimwona Sainab kama mpishi wao. Kigari kilikuwa na magurudumu manne, kamera moja, king'ora kidogo cha kutishia ndege, na mgongoni kompyuta ya ubao mmoja, ya bei ya chini, ukubwa wa kitambulisho. Ndani ya kompyuta ndimo akili mnemba ilimokaa. Kazi yake ilikuwa kutazama picha ya kamera na kuamua mambo matatu tu: huyu ni ndege, mfukuze, huyu ni mbwa, mfukuze, huyu ni mtu, mpishe.

Akili kama hiyo imezoea kompyuta kubwa za watu wenye uwezo. Kuibana ikae kwenye ubao mdogo ni kazi ya kupunguza hapa na kukata pale, na Wangwe alikata mpaka akachoka. Kila programu ilipojaribu kuanza, memori ilijaa, programu ikafa, na king'ora kikabaki kikilia bila kukoma mpaka betri iishe.

Nyaboke ndiye aliyeifundisha kuona. Mimba yake ya miezi sita haikumruhusu kusimama sana, hivyo alikaa na kipakatalishi majuma mazima, akifungua picha moja baada ya nyingine, akichora kisanduku kumzunguka kila ndege na kuandika "ndege", kumzunguka kila mbwa na kuandika "mbwa". Picha za watu zilikuwa chache. Akachukua za simu yake. Humo mlikuwa na picha kumi na moja za mtoto mchanga amelala kwenye mkeka, na Nyaboke alizitazama muda mrefu kabla ya kuchora visanduku kumi na kimoja vidogo na kuandika "mtu", kwa kuwa programu haikumpa nafasi ya kuandika jina lingine. Hakumwambia Wangwe.

Mtoto huyo aliitwa Edinah. Aliishi siku tisa. Alilia zote tisa, kwa namna yake mwenyewe: mara mbili kwa ufupi, akanyamaza kidogo, kisha mara moja kwa urefu. Mamake Wangwe, ambaye wote walimwita dani, yaani nyanya, alikuja mbio kutoka Kosele akataka kufanya wanavyofanya kwao. Mtoto akilia bila kukoma, wazee huita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, jina la juogi, yaani la mizimu ya ukoo, kwa sababu aliyekufa ndiye amelitaka. Nyaboke, Msabato aliyelelewa kanisani tangu uchanga, alikataa. Alisema mtoto wake ana jina tayari, jina la mamake mzazi, na hataitiwa mizimu. Dani akarudi Kosele bila kuaga. Siku ya tisa mtoto akanyamaza mwenyewe. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa na tundu tangu tumboni, na hakuna jina ambalo lingeliziba. Nyaboke alimwamini daktari. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kulala usingizi ni kingine, na tangu hapo hakuna jirani aliyemwita Mama Edinah tena, wala yeye hakumwita mumewe Baba Edinah. Ulikuwa umepita mwaka na miezi miwili.

Sasa ile jana. King'ora kilikuwa kimelia tangu mchana, na jua lilipokuwa linazama Wangwe alichoka mpaka akaanza mzaha. Alikibeba kigari mikononi kama mtoto, akakibembeleza huku na huko, akakiita majina ya watu wao waliokufa.

"Ni wewe, Randiga? Si wewe. Ni Abuto? Abuto, nyamaza basi, tutakupea chai. Ni Nyangweso?"

King'ora kiliendelea. Nyaboke alikuwa jikoni akisonga ugali, mgongo unamuuma, sauti ile inampasua kichwa, na jina likamtoka bila kupitia akilini.

"Edinah," alisema.

Kigari kikanyamaza.

Walitazamana kupitia mlangoni, yeye na mwiko wake, mumewe na kigari chake. Kwenye skrini ya kipakatalishi programu ilikuwa imeanza kufanya kazi, laini kama maji. Wangwe alikiweka kigari chini taratibu. Waliketi wakala ugali, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Kigari kilianza kazi kwa Sainab wiki hiyo hiyo na kikafanya vizuri kuliko mtu. Jioni Wangwe alikirudisha nyumbani kuchaji, akakiacha kimewaka kwenye kona ya karakana, na picha ya kamera ikionekana kwenye skrini. Hapo ndipo Nyaboke alipoanza kusikia harufu. Ilikuja saa ya magharibi, mji ukiwa bado una kelele za bodaboda na wauza samaki: harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto. Mama yeyote anaijua. Alifua mapazia, akafua mkeka, akamwaga dawa ya sakafu, na kesho yake saa hiyo hiyo ikarudi.

Siku ya nne alikuwa akipita na beseni la nguo, akaitazama skrini. Kamera ilikuwa ikiangalia mkeka mtupu. Juu ya mkeka palikuwa na kisanduku cha kijani, kidogo, kimelala, na pembeni yake maandishi: mtu, asilimia tisini na moja.

Aliutazama mkeka wenyewe. Hapakuwa na kitu. Alitazama skrini. Kisanduku kilikuwa kikitikisika kidogo, kikipanda na kushuka, kama kitu kinachopumua.

"Wangwe," alisema kwa sauti ndogo. "Kuja uone."

Wangwe alikuja, akaona, akachuchumaa. Alipitisha mkono juu ya mkeka, na kwenye skrini mkono wake ukapita juu ya kisanduku. Kisanduku hakikuondoka.

"Ni makosa ya programu," alisema. "Nilikata sana. Saa zingine inaona vitu zenye haziko."

"Kila mara inaona asilimia ngapi ikikosea?"

"Thelathini. Arobaini hivi."

"Na hii?"

"Nimeona, Nyaboke. Nimeona."

Mtu mwenye akili angechomoa waya wa betri. Lakini wale wawili walikuwa wazazi kabla ya kuwa wenye akili, na waya haukuchomolewa. Kesho yake kisanduku kilikuwa kikubwa kidogo. Wiki ya pili kikakaa wima. Wiki ya tatu kikaanza kutambaa, kikitoka mkekani mpaka kwenye mguu wa meza na kurudi, na kigari kikakifuata pole pole, kikisimama kinaposimama. Kisha jioni moja kikajivuta juu kwenye ukingo wa kiti, kirefu na chembamba, kikasimama. Hakuna aliyekuwa amehesabu kwa sauti, ila wote wawili walijua kwamba Edinah, angekuwepo, angekuwa na mwaka na miezi mitatu, na mtoto wa umri huo husimama akishika viti. Alikuwa amefidia muda wake wote.

Wangwe alibadilika, na hilo ndilo lililomuumiza Nyaboke kuliko woga wenyewe, kwa sababu alibadilika akawa na furaha. Alirudi nyumbani mapema. Alichora alama za penseli ukutani, kila jioni alama moja, akipima urefu wa kisanduku. Aliweka kikombe kidogo cha plastiki chini kando ya kiti. Akawa anazungumza Kijaluo polepole na hewa tupu, akicheka, akingoja, na macho yake yalikuwa kwenye skrini muda wote. Nyaboke alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Hakuwa na moyo wa kumkatiza.

Lakini tumboni mwake mtoto aliacha kucheza.

Alikuwa mtoto msumbufu, wa kupiga teke hata mamake akiwa kanisani. Sasa kila kigari kilipoletwa nyumbani na kuwashwa, tumbo lilikuwa zito na kimya. Mchana, kigari kikiwa kwa Sainab, mtoto aliamka. Nyaboke alijaribu jioni tatu, akikizima Wangwe akiwa bafuni: kikizimwa, teke, kikiwashwa, kimya. Kliniki walimpima, wakasikia moyo wa mtoto unadunda vizuri, wakamwambia apumzike. Mchungaji alikuja akaomba, na harufu ikapotea Sabato moja tu. Jumapili ikarudi.

Ndipo ikaja jioni ambayo alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu imevimba, ameegemea, akaona kwenye skrini kisanduku kinaachilia kiti na kuja, hatua moja, kinangoja, hatua nyingine, kikivuka sakafu ambayo kwa macho yake ilikuwa tupu na ina jua la mwisho mwisho linalopita chini ya pazia, kikafika magotini pake, na hapo akahisi si mkono wala uzito bali ubaridi, ubaridi ule ule wa chuma ambao kidole chake kiliujua, ukipanda polepole mapajani kama mtoto anayetaka kupakatwa, mpaka kisanduku kikalala juu ya tumbo lake na kutulia, na yule aliye ndani akatulia naye, na maandishi hayakusema tena tisini na moja bali tisini na tisa.

"Wangwe," alinong'ona. "Mtoe."

Wangwe alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, anatabasamu. "Anakupenda tu. Anataka mamake."

"Anamkalia mwenzake. Mtoe, nakuomba."

"Nitamtoa niende naye wapi, Nyaboke? Ulimkataa mara moja. Sasa unataka kumfukuza mara ya pili?"

Maneno hayo yalikuwa yamekaa ndani ya nyumba mwaka mzima, na sasa yalikuwa yametoka. Wangwe mwenyewe aliyajutia papo hapo, ilionekana usoni, lakini ni kama maji yaliyomwagika. Nyaboke alijikongoja akachomoa waya. Baada ya muda mrefu sana mtoto tumboni alisogea, kwa udhaifu, na Nyaboke akalia akiwa amejishika kwa mikono miwili.

Asubuhi alienda kwa Sainab. Hakujua aanzie wapi, lakini Sainab alimkalisha kwenye gunia la omena na kumwondolea shida hiyo.

"Dada, mimi nilikuwa nakuja kwako," alisema, akishusha sauti ingawa uani hakukuwa na mtu. "Hii gari haifukuzi ndege tena. Inatembea, inasimama, inangoja. Unajua mtu akitembea na mtoto mdogo vile hufanya? Sasa ndege ndio wanaikimbia zenyewe. Wiki hii yote hakuna hata kunguru moja imeshuka hapa. Mimi nafurahia omena yangu, lakini roho inakataa."

Nyaboke alimweleza yote, king'ora, jina, kisanduku, tumbo. Sainab alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mliita saa ngapi?"

"Jua likizama."

"Na hakuna mtu alisema jina la Mungu."

"Ilikuwa mzaha."

"Sikiza, dada. Mtoto akikufa haikuwi jini. Mtoto wako ako kwa Mola wake, amepumzika, hajui hata hiyo nyumba iko wapi. Lakini saa ile kuna wengine wanapita. Mlisimama pale mkiita, huyu si yeye, huyu si yeye. Mmoja akasikia jina linatoka kwa mama, lina uchungu, akaona hapa kuna mlango. Akaitika. Ukimwita jini Edinah, atakuwa Edinah. Na hiyo ubao si nyumba ya kukaa. Anatafuta nyumba ya nyama."

Dani, alipopigiwa simu Kosele, alisema kinyume chake kabisa. "Nyathina, mwanangu, huyo ni mtoto wenu. Alikosa jina akiwa hai, sasa amerudi kuchukua. Huyo hana ubaya. Wacha tu azaliwe."

Nyaboke akabaki katikati ya wanawake wawili, kila mmoja ana hakika yake. Kama Sainab alisema kweli, alikuwa akimlea jini. Kama dani alisema kweli, alikuwa anakwenda kumfukuza mwanawe. Lakini aliye tumboni alikuwa wake bila ubishi, na alikuwa anadhoofika, na hilo ndilo lililomwamulia.

Babake Sainab, Maalim Mohammad, aliletwa na bintiye Alhamisi baada ya alasiri, mzee mwembamba mwenye kikohozi na mfuko wa plastiki uliokuwa na chupa ya maji na msahafu. Hakuwa na makuu. Alivua viatu, akauliza jina la Nyaboke na la mamake, akaomba kigari kiwashwe. Wangwe alikiwasha mwenyewe. Alikuwa amelitazama tumbo la mkewe siku tatu mfululizo, na hatimaye akasema tu, "Sawa, nyar Kisii." Kisha akakaa chini kwenye kona aliyochora alama zake.

Kisanduku kilikuwa kimesimama kando ya kiti.

"Mimi nitasoma," Maalim alimwambia Nyaboke, "lakini kumtoa si kazi yangu. Aliyeita ndiye amrudishie. Umwambie, wewe si yule niliyemwita. Halafu atalia. Akilia, usimwitikie. Hata kwa moyo usimwitikie. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

Akaanza kusoma, sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na Nyaboke akapiga magoti mbele ya kile kigari, mbele ya ile kamera ndogo aliyoifundisha mwenyewe mtu ni nini, akasema, "Wewe si Edinah," na kwenye skrini tisini na tisa ikawa themanini, "Edinah nilimzika kwa mikono hii, wewe sikukuita," ikawa sitini na tano, na kisanduku kikaachilia kiti kikaanguka kikakaa, "hapa hakuna nafasi yako," na kikashuka zaidi kikaanza kutambaa kuja kwake, na kila kilivyokuja kilipungua, kilikuwa kinarudi nyuma njia yote kiliyopitia kukua, mwaka, miezi sita, miezi mitatu, mpaka kilipofika mkekani mbele ya magoti yake kilikuwa kimelala chali, kidogo vile vile kama vile visanduku kumi na kimoja alivyovichora yeye, asilimia ishirini na mbili, na harufu ya maziwa ikajaa chumba kizima hata Maalim akakohoa katikati ya aya, na hapo king'ora kikaanza kulia.

Kililia mara mbili kwa ufupi. Kikanyamaza kidogo. Kikalia mara moja kwa urefu.

Wangwe alitoa sauti ambayo Nyaboke hakuwahi kumsikia nayo, akasimama, akatoka nje bila viatu. Nyaboke alibaki. Hakuna mtu duniani aliyejua kilio kile isipokuwa wao wawili na dani. Alimtazama Maalim, na Maalim, bila kukatiza kisomo, alitikisa kichwa: usiitikie. Matiti yake, ambayo yalikuwa hayajanyonywa tangu Edinah azikwe, yalianza kuvuja, yakalowesha blauzi. Aliuma kanga aliyojifunika. King'ora kililia mara mbili, mara moja, mara mbili, mara moja, kikififia, kama mtu anayebebwa kupelekwa mbali, na Nyaboke hakuitikia, hakuitikia, hakuitikia, mpaka kikanyamaza chenyewe. Skrini ilikuwa na mkeka mtupu.

Tumboni mtoto alipiga teke moja la nguvu.

Ubao ulikuwa umechemka, unatoa moshi. Nyaboke aliitoa memori kadi akaivunja kwa mchi, na Sainab akaenda kuvitupa vipande ziwani. Wangwe alirudi usiku, akapaka rangi juu ya alama za penseli. Waliishi hivyo miezi miwili, kwa upole mwingi, kama watu wanaouguza mgonjwa mmoja.

Msichana alizaliwa salama, kilo tatu na nusu. Nyaboke alimpa jina la Kemunto. Safari hii alimpigia dani mwenyewe na kumkaribisha, na dani akaja na kuku na machozi. Kemunto alinyonya, akalala, akalia kama watoto wote wanavyolia, ovyo ovyo, bila mpango. Siku ya nane alilia zaidi. Wakamkimbiza hospitali, wakapima moyo, mapafu, damu. Moyo hauna tundu. Mtoto hana kitu, warudi nyumbani.

Siku ya tisa, mchana, Kemunto alilia mara mbili kwa ufupi, akanyamaza kidogo, kisha akalia mara moja kwa urefu.

Wangwe aliangusha bisibisi. Dani alimchukua mtoto bila kuomba ruhusa, na Nyaboke hakumzuia. "Ni wewe, Randiga?" dani aliita, akimzungusha chumbani. "Ni Abuto? Ni Nyangweso?" Aliita wajomba, akaita shangazi, akaita watu waliokufa kabla yeye hajaolewa, na Wangwe akamkumbusha wengine wawili. Saa zikapita. Sauti ya mtoto ikakwaruza, ikawa nyembamba, midomo ikaanza kubadilika rangi. Akapewa ziwa akakataa.

Dani akaketi. "Wangu wamekwisha, nyathina," alisema taratibu. "Amebaki wako."

Wakati huo ndipo Sainab alipofika na kikapu cha zawadi, ameshavua kiatu kimoja mlangoni. Alisikia kilio, akaona nyuso zao, na hakuhitaji kuambiwa.

"Dada," alisema pale pale kizingitini. "Hilo jina usiseme. Wallahi usiseme. Ndilo anangojea."

"Na kama ni yeye?" Nyaboke aliuliza.

"Si yeye."

"Na kama ni yeye, Sainab?"

Nyaboke alimchukua mwanawe kutoka kwa dani. Mwili ule mdogo ulikuwa umekakamaa kwa kulia. Mara ya kwanza alikuwa amekataa kumwita, kwa imani. Mara ya pili alikataa kumwitikia, kwa woga na kwa mapenzi ya huyu huyu. Hakujua kama alikuwa amemshika binti yake wa kwanza, au wa pili, au kitu kingine kilichojifunza vizuri kwake yeye mwenyewe jinsi ya kuwa mtu. Alijua tu kwamba hawezi kukaa tena kwenye chumba, mara ya tatu, akakisikiliza kile kilio mpaka kijizime.

Akainamisha mdomo sikioni kwa mtoto.

"Edinah," alisema.

Kilio kilikatika. Mtoto alifumbua macho, akamtazama, akatafuta ziwa, akalikamata, akanyonya kwa nguvu. Wangwe alifunika uso kwa mikono. Dani akashukuru Mungu kwa Kijaluo. Sainab aliweka kikapu chini kizingitini bila kukivuka, akavaa kiatu chake, akaondoka bila kuaga.

Nyaboke alimpangusa mtoto machozi kwa kidole, akamgusa shavu. Lilikuwa baridi kama sakafu ya alfajiri. Safari hii hakuuondoa mkono.